Wasomaji Wauliza: Taa ya Tangi Jipya la Maji ya Bahari Iwashwe Lini?

SWALI: Shikamoo mwandishi. Mimi ni mkazi wa Kigamboni, Dar es Salaam, na kwa miaka minne nimefuga samaki wa maji baridi bila tatizo kubwa. Mwezi huu nimejaza tangi langu la kwanza la maji ya bahari, lenye ujazo wa lita 200, kwa chumvi ya pakiti, mchanga mweupe na mawe makavu. Samaki hawajaingia bado, ila nimetumbukiza kamba mmoja mbichi aoze, kama nilivyoelekezwa, ili bakteria wa kusafisha maji wapate chakula. Taa yangu ni ya LED yenye mwanga mweupe na wa buluu, nami nimeiwasha tangu siku ya kwanza kwa muda wa saa 12 kila siku, kwa sababu aliyeniuzia alisema kwamba bila mwanga bakteria hao hawazaliani. Leo ni siku ya 11, na mchanga wote umetandwa na ukoga wa kahawia, kana kwamba mtu amenyunyiza kakao. Shemeji yangu, ambaye naye ni mfugaji, anasema tangi lilipaswa kukaa gizani mwezi mzima. Nimsikilize nani?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Msikilize shemeji yako, ijapokuwa ule mwezi mzima anaoutaja si sheria, na nitaeleza sababu. Aliyekuuzia taa amechanganya viumbe wa aina mbili ambao mahitaji yao hayafanani hata kidogo: bakteria wanaosafisha maji, ambao mwanga hauwahusu, na mwani, ambao bila mwanga hauishi.

Tuanze na bakteria. Kamba wako anapooza hutoa amonia, ambayo ni sumu kwa samaki, na katika maji ya bahari sumu hiyo ni ya kuogopwa zaidi, kwa kuwa pH ya bahari (kipimo cha uasidi na ualkali wa maji) iko juu, kati ya 8.1 na 8.3 hivi, na kadiri pH inavyopanda ndivyo sehemu kubwa zaidi ya amonia inavyokuwa katika ile hali inayopenya matamvua ya samaki. Kundi la kwanza la bakteria huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo haifai, ingawa chumvi ya baharini huipunguza makali. Kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia ikiwa haijazidi. Makundi yote mawili hujipatia nguvu kwa kuunguza amonia au nitriti kwa oksijeni, wala hayategemei jua wala taa. Huishi katika vitundu vya mawe na katikati ya chembe za mchanga, mahali ambapo hata ukiwasha taa ya uwanja wa mpira mwanga hautawafikia. Zaidi ya hayo, imejulikana kwa muda mrefu kwamba mwanga mkali huwapunguzia kasi wale wanaoshughulika na amonia. Kwa hiyo, ulipokuwa ukiwasha taa kwa nia ya kuwasaidia, hukuwasaidia, na labda uliwachelewesha kidogo. Wanachohitaji ni maji yanayozunguka usiku na mchana ili oksijeni isipungue, joto la nyuzi 25 hadi 28, na amonia ya kula. Pampu isizimwe, lakini taa ingeweza kubaki kwenye boksi lake.

Sasa tuutazame mwanga wenyewe. Tangi jipya lina nitrati inayoanza kujikusanya, lina fosfeti inayotoka kwenye kamba anayeoza na mara nyingi kwenye mawe makavu yenyewe, na lina silika iliyokuja na mchanga mpya au na maji. Hakuna matumbawe ya kuutumia mwanga huo, hakuna konokono wa kula kitakachoota, na nyuso zote za mawe ni tupu. Ukiwasha taa juu ya hali hiyo kwa saa 12, umefanya kama mkulima aliyelima shamba, akalitia mbolea, akalimwagilia maji, kisha akaenda zake bila kupanda kitu. Magugu hayangoji mwaliko.

Gugu la kwanza ndilo hilo unaloliona. Ukoga wa kahawia unaoufuta kwa kidole ukatoka kama vumbi ni diatomu, yaani mwani wa chembe moja ambao hujijengea ganda la silika. Jaribu kuinama mbele ya kioo alasiri, taa ikiwa imewaka kwa saa nyingi, utazame mchanga kwa karibu: utaona vipovu vidogo kama vichwa vya pini vimeng'ang'ania juu ya ukoga. Hiyo ni oksijeni inayotolewa na diatomu zikila mwanga wako. Asubuhi, kabla hujawasha, vipovu havipo. Sijui uthibitisho ulio wazi kuliko huo kwa mtu anayetaka kujua taa yake inamlisha nani.

Umeeleza kwamba maji ni ya chumvi ya pakiti, lakini hukutaja maji uliyoichanganyia chumvi hiyo yametoka wapi. Hilo ni jambo kubwa kwa sisi wa Pwani. Maji ya visima virefu ambayo wengi wetu huyatumia nyumbani yanaweza kuwa na silika na nitrati nyingi kuliko unavyofikiri, na ya bomba huwa na klorini. Yote hayo huondolewa vizuri na chujio la osmosisi, yaani lile linalosukuma maji yapenye utando mwembamba, likiwa na mkaa mwanzoni na resini mwishoni. Kama ulitumia maji ya kisima moja kwa moja, ukoga utakuwa na chakula hata baada ya taa kupunguzwa, na kila utakapobadilisha maji utakuwa ukiuongezea.

Mimi mwenyewe nilipata somo hili kwa njia ngumu. Tangi langu la kwanza la bahari niliwasha taa jioni ileile nilipomaliza kulijaza, kwa sababu wageni walikuwa wakija na nilitaka waone ile buluu inayocheza ukutani. Baada ya ukoga wa kahawia ulikuja mwani wa kijani wenye nyuzi kama nywele, ukashika mawe yote mpaka sehemu ambazo mkono haufiki, nami nikatumia miezi mitano kila Jumamosi nikiutoa kwa mswaki na mpira wa kunyonyea maji. Jiwe moja nililitoa kabisa, nikalianika juani juu ya bati. Wageni, kwa taarifa yako, walikaa robo saa.

Basi ufanye nini leo? Zima taa, na uiache imezimwa. Kama tangi liko karibu na dirisha, taa si mwanga pekee unaopaswa kuhesabiwa, kwani jua la asubuhi linalopiga kioo kwa saa mbili linaweza kulisha mwani kuliko LED ya jioni nzima. Tundika khanga kuukuu au bandika magazeti upande huo. Mwanga wa kawaida wa chumbani hauna madhara ya kukufanya uishi gizani na familia yako. Usihangaike kusugua mchanga kila siku, wala usinunue dawa ya kuua mwani, kwa maana diatomu zinazokufa huoza na kurudisha majini kile zilichokula. Ukishaona ukoga umefifia, unyonye kidogo kwa mpira wakati wa kubadilisha maji, basi.

Hapo ndipo tunaporudi kwenye mwezi wa shemeji. Muda wa giza haupimwi kwa kalenda, bali kwa vipimo vya maji. Pima amonia na nitriti kila baada ya siku mbili au tatu. Utaona amonia ikipanda, kisha ikishuka huku nitriti ikipanda, na mwishowe zote mbili zikifika sifuri huku nitrati ikibaki. Ili kuhakikisha, tia amonia kidogo ya kufikisha kiasi cha miligramu 2 kwa lita, au kipande kingine cha kamba, uone kama bakteria wanaweza kuimaliza. Ukitumia amonia ya kupimwa, na baada ya saa 24 amonia na nitriti zote mbili zikawa sifuri, tangi limeiva. Kwa mawe makavu kama yako kazi hiyo kwa kawaida huchukua wiki 4 hadi 6. Aliyeongeza bakteria wa chupa, au aliyepata mawe kutoka tangi la mtu ambalo limekwisha kuiva, anaweza kumaliza kwa wiki 2. Tangi likishaiva, badilisha robo ya maji ili kushusha nitrati, ambayo kwako ni lita 50 na chumvi inayokaribia kilo 2, ndipo uingize samaki wa kwanza, mmoja au wawili.

Samaki hao ndio wa kwanza kuwashiwa taa, na hata wao hawaili. Wanataka tu kujua kwamba kuna mchana na kuna usiku, na wewe unataka kuwaona. Saa 4 au 5 kwa siku zinatosha kabisa, na ni vyema ziwe zile saa ambazo watu wako nyumbani. Punguza ukali wa LED hadi robo hivi ya uwezo wake. Tegemea kwamba ukoga wa kahawia utarudi kidogo hata baada ya subira yote hii, kwa sababu giza halimalizi silika iliyomo majini. Hata hivyo utarudi ukiwa dhaifu, na katika wiki chache, silika ikishatumika, utaondoka wenyewe. Ukionekana, huo ndio wakati wa kuleta konokono wa baharini, kwa kuwa sasa wana cha kula. Kuwaleta kabla ni kuwaua kwa njaa.

Wapo wafugaji wazoefu wanaopinga haya niliyoyaandika. Wanasema kwamba mwani mbaya lazima uje tu, na kwamba kuficha tangi gizani ni kuahirisha kesi; afadhali taa iwake mapema, matumbawe machache yawekwe mara tu amonia inapokwisha, na mwani mgumu wa rangi ya zambarau unaotanda juu ya mawe upate nafasi ya kushika nyuso kabla ya ule wa nyuzi. Hoja hiyo ina uzito, hasa kwa mtu mwenye mawe mazuri kutoka tangi kongwe na mwenye matumbawe tayari mkononi. Lakini hata wao wanawasha taa kwa ajili ya kiumbe fulani kilichomo. Kwako wewe, mwenye mawe makavu na kamba mmoja anayeoza, hakuna anayenufaika na taa isipokuwa ukoga.

Kuhusu matumbawe, usiwe na haraka kabla tangi halijafikia mwezi wake wa 2 au wa 3, na uanze na yale laini. Ndani ya nyama ya matumbawe huishi mwani mdogo sana unaotengeneza chakula kwa mwanga na kumpa mwenyeji wake sehemu kubwa ya riziki yake. Hapo ndipo taa yako ya buluu inapopata kazi iliyotengenezewa, kwa kuwa baharini mwanga mwekundu humezwa na maji katika mita za mwanzo, na kinachofika chini mwambani ni buluu zaidi. Panda polepole: saa 6 kwa siku, kisha 7, kisha 8 au 9, na ukali uongezwe kidogo kila wiki. Mwanga wa ghafla huchoma matumbawe, nayo huutupa nje mwani wake na kubaki meupe. Hicho ndicho kilichoikumba miamba mingi ya Afrika Mashariki mwaka 1998, maji yalipopata joto kupita kiasi wakati wa El Niño. Chanzo kilikuwa joto, lakini jua kali lilizidisha maumivu. Katika tangi la Dar es Salaam, ambako chumba hufika nyuzi 32 bila shida, mambo hayo mawili hukutana kwa urahisi sana.

SWALI: Niko Nairobi. Rafiki ananiletea mawe hai kutoka tangi lake anapohama, yakiwa na mwani wa zambarau na vikonyo vidogo vya matumbawe laini. Kwa kuwa tangi langu ni jipya, je, nami nikae gizani?

JIBU: Hapana, kwa sababu wewe tayari una viumbe wanaokula mwanga. Ukiwafunika kwa mwezi, mwani wa zambarau utapauka na matumbawe yatadhoofika. Lakini usiwape mwanga wote mara moja. Mawe hai yakisafirishwa, hata ndani ya maji na kwa saa chache tu, baadhi ya sifongo na minyoo iliyomo hufa, na kufa huko huleta amonia. Muulize rafiki yako alikuwa akiwasha kwa saa ngapi na kwa ukali gani, uanze na nusu ya muda wake na nusu ya ukali, huku ukipima amonia kila siku. Ikibaki sifuri kwa wiki moja, panda taratibu hadi kufikia kiwango alichokuwa nacho. Nusa maji pia: jiwe zima lina harufu ya pwani wakati wa maji kupwa, na lililooza hujitangaza lenyewe.

Niongeze neno moja kwa wasomaji wengine watakaoona jibu hili na kufikiri wataokota mawe hai baharini. Matumbawe magumu yote yamo katika Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, na kukusanya chochote ndani ya hifadhi za bahari, ziwe Malindi na Watamu au Bongoyo na Mbudya, ni kosa. Mawe ya kupokezana kutoka tangi kwa tangi ni bora, na kwa kweli huja na wadudu wabaya wachache kuliko ya baharini.

SWALI: Sisi wa Mombasa tunakatiwa umeme mara kwa mara, na juzi ulikatika kwa saa 14. Nina betri ndogo. Je, niiunganishe na taa ili matumbawe yangu mapya yasife?

JIBU: Dada, betri hiyo usiipe taa hata dakika moja. Matumbawe yenye afya hukaa siku 2 au 3 bila taa na yakafunguka tena bila kinyongo. Wako wafugaji wanaozima taa kwa siku 3 kwa makusudi ili kudhoofisha mwani. Kisichoweza kungoja ni oksijeni. Maji ya bahari yenye joto hubeba oksijeni kidogo, na usiku hakuna kinachoizalisha ndani ya tangi ilhali kila kiumbe, pamoja na mwani na bakteria, anaitumia. Betri iendeshe pampu ndogo ya kuzungusha maji, au ununue pampu ya hewa ya kutumia betri za tochi, ambayo ni rahisi. Umeme ukirudi, usiwashe taa kwa muda mrefu ili kufidia saa zilizopotea. Rudi kwenye ratiba yako ya kawaida, na kama umeme haukuwapo kwa siku zaidi ya 3, anza na nusu ya ukali.

SWALI: Ninaandika kutoka Maskati. Tangi langu limekwisha kuiva na lina samaki wawili, lakini kila ninapowasha taa mchana kipimajoto hupanda hadi nyuzi 30. Je, ni lazima taa ifuate jua?

JIBU: Si lazima. Samaki na matumbawe wanahitaji vipindi vya mwanga na giza vinavyofuatana bila kubadilikabadilika, lakini hawajui kama nje kuna jua. Weka swichi ya saa iwashe taa kuanzia saa 11 jioni hadi saa 4 usiku, chumba kikiwa kimepoa na wewe umerudi kutoka kazini, kisha uongeze muda baadaye utakapoweka matumbawe. Kama tangi linapata mwanga wa dirisha mchana, lifunike upande huo, la sivyo siku yao itakuwa ndefu mno. Feni ndogo inayopuliza juu ya uso wa maji hushusha joto kwa nyuzi 2 au zaidi, ila maji yatapungua haraka. Yanayopungua ni maji peke yake na chumvi hubaki, kwa hiyo jazia maji safi yasiyo na chumvi kila jioni kabla ya taa kuwaka.